Nchi Jirani: Kuuza Nyumba Moja kati ya Mbili huko Kenya



Wenzetu wengi katika mashamba ya miwa na chai hapa Uganda kwao ni Kenya. Mtu wa namna hii mara nyingi ana nyumba mbili: boma la nyumbani, na nyumba aliyoijenga mjini kwa mkopo wa chama cha akiba, akaipangisha. Kiinua mgongo kikichelewa, au mtoto akipata nafasi ya chuo, moja huuzwa. Wanaofika ofisini kwetu huuliza habari za bei na wakili. Kodi hawaiulizi, na ndiyo inayowangoja mlangoni.

Inaitwa kodi ya faida ya mtaji. Kenya ilianza kuitoza mwaka 1975, ikaisimamisha mwaka 1985, na kwa karibu miaka 30 watu waliuza na kununua mpaka wakaisahau. Ilirudishwa tarehe 1 Januari 2015 kwa asilimia 5. Tangu tarehe 1 Januari 2023 ni asilimia 15. Kwa hiyo mzee aliyeuza kiwanja mwaka 1990 si mshauri wa jambo hili.

Hutozwa juu ya faida, siyo juu ya bei nzima. Tuseme ulinunua kiwanja kwa shilingi 400,000 za Kenya, ukajenga kwa 1,800,000. Jumla ni 2,200,000. Leo unauza kwa 5,200,000. Faida ni 3,000,000, na kodi ni 450,000. Kwa kiwango cha zamani ingekuwa 150,000. Ada ya wakili na gharama nyingine za mauzo nazo hupunguzwa kabla ya hesabu. Lakini fundi uliyemlipa mkononi bila karatasi, utamthibitisha vipi? Kila gharama isiyo na ushahidi inaweza kugeuka kuwa faida machoni pa mtoza kodi. Ushuru wa stempu ni wa mnunuzi. Hii ni ya muuzaji, wala dalali asiwachanganyie.

Ipo misamaha. Ardhi ya mtu binafsi inayouzwa kwa bei isiyozidi shilingi milioni 3 haitozwi. Shamba la kilimo la chini ya ekari 50, lililo nje ya manispaa na miji, halitozwi. Mume akimhamishia mke, au mke mume, hakuna kodi. Na nyumba ambayo mwenyewe ameishi humo mfululizo kwa miaka 3 hadi siku ya kuiuza haitozwi.

Hapo ndipo sheria inapomwacha mfanyakazi nje. Karani wa mjini anayelala kwake kila siku anauza bila senti ya kodi. Sisi tunalala katika nyumba za kampuni kwa sababu kazi iko huko, na nyumba ya mjini inakaliwa na mpangaji. Miaka 20 umeilipia mkopo, lakini kwa sheria hujaishi humo. Kwa hesabu tupu basi, nyepesi kuuza ni boma, maana liko shambani. Nani atauza mahali walipozikwa wazazi wake ili aokoe asilimia 15? Tunaona sheria hii ingefaa imhesabie mfanyakazi miaka aliyokaa mbali kwa ajili ya kazi.

Tanzania wameandika kwa namna nyingine. Huko mkazi hulipa asilimia 10, na miaka 3 ya kuishi katika nyumba huweza kujumlishwa hata kama ulikwenda ukarudi, mradi nyumba umeimiliki miaka 3 mfululizo na faida isizidi shilingi milioni 15 za kwao. Kiwango hicho cha faida ni kidogo kwa bei za Dar es Salaam, lakini likizo za mfanyakazi angalau zinahesabika.

Ndugu mnaokaribia kustaafu, kama haja ya fedha si ya haraka, inawezekana kuhamia nyumba ya mjini, kukaa humo miaka 3 kamili, kisha kuuza. Wanaolazimika kuuza sasa watafute risiti za saruji, mabati na mbao, mkataba wa fundi na karatasi ya kununulia kiwanja. Mzungumze na wake au waume zenu mapema, kwani nyumba ya ndoa haiuzwi Kenya bila ridhaa ya mwenzio. Karatasi hizo zileteni ofisini kabla ya kutia sahihi kwa mnunuzi. Baada ya sahihi tunaweza tu kuwasaidia kujaza fomu.