Chumba kidogo, nyumba kongwe: Uzuri huanza na ukuta mkavu

Upana wa chumba cha kulala katika nyumba kongwe za mawe za Lamu, Mombasa na Zanzibar haukuamuliwa na mwenye nyumba. Uliamuliwa na boriti. Mti wa mkoko uliolazwa juu ya kuta ili kubeba sakafu ya ghorofa hauwezi kuvuka nafasi kubwa. Kwa kawaida nafasi hiyo haifiki mita 3. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, hata katika majumba yaliyojengwa na matajiri.

Bara sababu ni nyingine, lakini ufinyu ni uleule. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vitatu kila upande, ukumbi katikati na ua nyuma, ilisafiri na wafanyabiashara kutoka pwani hadi Tabora na Ujiji. Wajukuu wa nyumba hiyo wapo mpaka leo katika mitaa ya zamani ya Dar es Salaam, Majengo ya Nairobi, Buyenzi mjini Bujumbura na Biryogo mjini Kigali. Chumba ambacho hakizidi sana mita 3 kwa 3 sasa hupangishwa kwa mtu na mkewe na watoto wao. Ndicho cha kulala, ndicho sebule, na ndicho stoo.

Anayehamia katika chumba kama hicho hutaka kukipendezesha haraka, na hakuna ubaya. Tatizo ni mahali anapoanzia. Wengi huanza na ndoo ya rangi inayong'aa, karatasi za kubandika ukutani au mbao za plastiki za kuficha madoa. Chumba hupendeza kwa miezi michache. Masika yakiingia, rangi huvimba na kubanduka, karatasi huota ukungu kwa nyuma, na watoto huanza kukohoa usiku. Fedha imekwenda, na ukuta umeharibika kuliko ulivyokuwa.

Mpangilio unaofaa katika nyumba kongwe ni kinyume cha huo: kwanza maji, pili hewa, tatu nafasi, na mapambo mwisho.

Jua unyevu unatoka wapi

Doa la ukutani lina asili yake, na mara nyingi mahali lilipo huonyesha asili hiyo. Doa lililo juu, karibu na dari, hutokana na bati au kigae kinachovuja. Doa linaloanzia sakafuni na kupanda mpaka magotini au kiunoni ni maji ya ardhini yanayonywewa na ukuta. Doa lililo katikati ya ukuta uliopakana na bafu ni la bomba au la maji ya kuogea yanayopenya. Unga mweupe unaochipuka juu ya lipu ni chumvi iliyobebwa na maji hayo na kuachwa yalipokauka.

Ipo njia rahisi ya kutambua kama maji yanatoka ndani ya ukuta au ni mvuke wa chumbani tu. Kipande cha nailoni angavu chenye ukubwa wa sahani hubandikwa ukutani, kingo zake zote zikazibwa kwa gundi ya utepe, kisha kikaachwa siku mbili. Matone yakionekana upande wa ndani wa nailoni, ukuta wenyewe una maji. Yakionekana upande wa nje, ni pumzi na mvuke wa wanaolala humo. Dawa yake ni hewa, si fundi.

Hili si jambo la urembo peke yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani ulieleza kuwa wanaoishi katika nyumba zenye hali hiyo wana hatari zaidi ya kupata pumu na maradhi mengine ya njia ya hewa. Katika chumba kikubwa, kitanda kinaweza kusogezwa mbali na ukuta wenye ukungu. Katika chumba cha mita 3, mto wa mtoto umegusana nao usiku kucha.

Ukuta wa zamani unataka kupumua

Kuta za nyumba za mawe za pwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake hufikia karibu nusu mita. Nyingi za bara zilijengwa kwa matofali mabichi ya udongo au kwa miti na udongo. Vitu hivi vina tabia moja: hunywa unyevu na kuutoa tena polepole. Nyumba huendelea kusimama kwa sababu maji yanayoingia yana njia ya kutoka.

Saruji na rangi ya mafuta huziba njia hiyo. Ukuta wa chokaa ukipigwa lipu ya saruji, maji hubaki ndani, chumvi huusaga ukuta taratibu, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huanza kuoza pasipo mtu kuona. Kwenye matofali mabichi, saruji ngumu juu ya udongo laini haishikani nao. Hupasuka na kubanduka mabamba kwa mabamba, na huondoka na sehemu ya ukuta. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba kongwe hata kitu cha kuzibia ufa lazima kiwe cha jamii moja na ukuta: chokaa kwa chokaa, udongo kwa udongo.

Kwa hiyo rangi inayofaa zaidi kwa chumba hicho ni ya bei nafuu pia: chokaa yenyewe. Hulowekwa kwa maji ikaiva, hukorogwa ikawa nyepesi kama maziwa, kisha hupakwa kwa brashi pana juu ya ukuta uliorashiwa maji. Hupakwa mara tatu au nne, kila mkono ukikauka kabla ya mwingine. Mpakaji avae glavu na miwani, kwa maana chokaa huunguza ngozi na macho. Weupe wake hurudisha mwanga, na chumba chenye dirisha moja dogo huonekana kipana. Anayependa rangi nyingine anaweza kuchanganya udongo mwekundu au wa manjano ukapatikana weupe wa tui au wa mchanga.

Tahadhari moja zaidi inahusu rangi za zamani. Rangi ya mafuta iliyopakwa miaka mingi iliyopita inaweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Rangi kama hiyo isikwaruzwe kwa msasa mkavu chumbani wanamolala watoto. Ilowanishwe kwanza, vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa, na watoto walale kwingine mpaka kazi iishe.

Hesabu ya sakafu

Ukuta ukishatulia, kinachofuata ni futi ya kupimia. Chumba cha mita 3 kwa 3 kina mita 9 za mraba. Kitanda cha futi 5 kwa 6 peke yake hula karibu mita 2.8 za mraba, yaani kiasi cha theluthi ya chumba. Cha futi 4 kwa 6 hula mita 2.2. Futi moja ya upana iliyopunguzwa ni sentimita 30, na hizo ndizo tofauti kati ya kupita kando ya kitanda na kukiruka. Njia ya kupita isipungue sentimita 60, na ielekee mlangoni bila kizuizi. Usiku wa moto, kabati lililobana mlango huwa kikwazo kati ya watu na uhai wao.

Kabla ya kununua chochote, mwenye chumba achore umbo la kila kitu kwa chaki sakafuni, mlango ukiwa wazi. Vitu vingi vilivyopendeza dukani huonekana palepale kuwa havina mahali.

Wajenzi wa zamani waliishi na ufinyu huu na walikuwa na majibu yao. Vitanda vya samadari vya pwani viliinuliwa juu, na chini yake pakawekwa masanduku. Seremala wa leo anaweza kutengeneza kitanda cha miguu mirefu, cha kimo cha sentimita 50 au 60 kutoka sakafuni, chenye masanduku ya mbao ya kuvuta badala ya mabegi yaliyorundikana. Kati ya sanduku na sakafu paachwe upenyo wa hewa, na kitanda kisigandane na ukuta wa nje.

Jibu la pili lilikuwa ukuta wenyewe. Katika nyumba za Lamu za karne ya 18, ukuta wa mwisho wa chumba cha ndani ulipambwa kwa zidaka, safu kwa safu za mashubaka ya chokaa yaliyowekwa vyombo vya kauri na vitu vya thamani. Hazikuchukua hata kipande cha sakafu, na vivuli vyake vilifanya chumba kionekane kuwa na kina zaidi. Hilo ndilo somo la kuchukua: katika chumba kidogo, pamba ukuta na uache sakafu. Lakini somo si ruhusa ya kushika patasi. Ukuta huo unabeba nyumba, na shubaka jipya likichimbwa ovyo linaweza kuudhoofisha. Rafu nyembamba ya mbao yenye kina cha sentimita 15 hadi 20, iliyosimama kwa miguu yake au kufungwa juu ya usawa wa mlango na kuzunguka chumba, hufanya kazi ileile.

Hewa, mwanga na chandarua

Katika nyumba nyingi za vyumba sita, kuta za kati huishia usawa wa kenchi na juu huachwa wazi. Hewa ya moto hupanda na kutoka, ingawa na maneno ya jirani huingia. Anayetafuta faragha huziba uwazi huo kwa dari ya jipsamu au kitambaa, kisha hushangaa kwa nini chumba kimekuwa tanuri. Asiyeweza kuvumilia sauti aweke dari yenye matundu au nondo za mbao, na aache upenyo upande wa juu wa dirisha.

Dirisha lisizibwe na kabati. Pazia lining'inizwe kwenye fimbo iliyozidi dirisha kwa kila upande, ili likifunguliwa lisimeze mwanga. Kioo kinachotazamana na dirisha, au kilicho kando yake, huongeza nuru kuliko balbu ya pili. Kanga au kitenge kilichonyooshwa kwenye fimbo kinaweza kuwa mlango wa kabati: hakidai nafasi ya kufungukia, kinafuliwa, na kinabadilishwa sikukuu ikifika.

Chandarua nacho ni pambo. Kikifungwa kwenye fremu ya mstatili juu ya kitanda, hukifanya kitanda kuwa chumba ndani ya chumba, jambo ambalo watu wa pwani walilijua tangu enzi za mapazia ya kitanda. Asubuhi hukunjwa na kuinuliwa, na chumba hurudi kuwa sebule.

Mambo mawili hayana mjadala. Jiko la mkaa lisilale chumbani, hata kama ni usiku wa baridi wa Kigali au Nairobi na hata kama moto unaonekana umekufa, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu na huua waliolala. Na waya wa ekstensheni usipitishwe chini ya godoro wala kupigiliwa misumari kwenye ukuta wenye unyevu.

Mpangaji na mwenye nyumba

Wengi wanaolala katika vyumba hivi hawavimiliki. Anayeogopa kuambiwa ahame mwezi ujao hana sababu ya kutengeneza bati la mtu mwingine. Njia ya busara ni kugawa mambo mawili. Vinavyohamishika, yaani kitanda, rafu, fimbo, kioo na mkeka, ni mali ya mpangaji na huondoka naye. Paa, bomba na lipu ni vya mwenye nyumba, na matengenezo yake yaandikwe pamoja na namna yatakavyokatwa kwenye kodi kabla shilingi au faranga haijatoka mfukoni.

Katika miji yenye hifadhi, kuna mtu wa tatu wa kuulizwa. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Kubomoa ukuta, kubadili dirisha au kupiga saruji huko kunahitaji kibali cha wahusika. Kupaka chokaa chumbani, kuinua kitanda na kuning'iniza kanga hakuumizi urithi wowote.

Kwa mwenye bajeti ndogo, basi, mfuatano uwe huu: mwezi wa kwanza, bati na bomba, mwezi wa pili, ukuta uachwe ukauke dirisha likiwa wazi, mwezi wa tatu, chokaa, baada ya hapo seremala. Pazia linunuliwe mwisho, kwa kilichobaki. Katika chumba kikavu chenye hewa, hata pazia la bei ya chini litapendeza, na wanaolala nyuma yake wataamka bila kukohoa.