Orodha ya waliokimbia: nani ajue mashine yake iko wapi?

Jamaa zinapokimbia vijiji vya Kabambare na kufika Kasongo, majina yao huandikwa: wazazi, watoto, kijiji walikotoka, nyumba wanamolala. Mara nyingi orodha hiyo huishia katika kompyuta yenye intaneti. Ikiibiwa, inaweza kuwaonyesha wale mliowakimbia mahali mlipo.

Jambo hili limekwisha kutokea. Tarehe 18 Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iligundua kwamba wezi wameingia katika kompyuta zenye habari za watu zaidi ya 515,000 duniani, wakiwemo watoto waliotengana na wazazi wao. Wezi walikuwa ndani tangu tarehe 9 Novemba 2021, yaani siku 70. Baadhi ya programu zao zilitengenezwa kwa ajili ya mashine zile zile.

Kila mashine ya intaneti ina anwani ya namba. Adui akiijua, anaweza kutafuta tundu la kuingilia, au kuagiza maelfu ya kompyuta zibishe hodi kwa pamoja mpaka huduma ikwame. Kwa hiyo mafundi huificha, na wana njia mbili.

Ya kwanza ni mlinzi wa mlangoni. Mashine nyingine husimama mbele, hupokea wageni, huwachuja, kisha hupeleka maombi yao ndani. Wageni huona anwani ya mlinzi tu. Mashine ya ndani nayo ikatae kila asiyepitia kwa mlinzi.

Ya pili ni huduma za siri za Tor. Fikirini barua inayotoka Kabambare kwenda Kasongo mikononi mwa wachukuzi kadhaa: kila mmoja anamjua aliyempa na atakayempa, basi. Mgeni na huduma hupitisha ujumbe katika mashine kadhaa, kila mmoja kwa upande wake, wakakutana katikati. Hakuna anayejua mwenzake yuko wapi.

Lakini kuficha nyumba si kufunga mlango. Wezi wa mwaka 2021 walipitia kasoro ya programu ambayo ilikuwa haijazibwa. Tena, mashine ikifichwa vizuri namna gani, haitasaidia kama orodha yenyewe inazungushwa katika kikundi cha WhatsApp.

Ndugu viongozi, kabla ya kutoa majina ya watu wenu, ulizeni:

- Orodha itawekwa wapi, na nani ataisoma?
- Mashine hiyo inalindwa namna gani, na nani anaitengeneza?
- Je, ni lazima kuandika nyumba watu wanamolala?
- Orodha itafutwa lini?

Nanyi wazazi, msitume picha wala ujumbe unaotaja mahali mlipopokelewa. Msiogope kuuliza maswali haya mbele ya shirika lolote, hata letu. Kuuliza si kukataa msaada, na habari ambayo haikuandikwa katika orodha haiwezi kuibiwa humo.