Mbavu za Ndege ya Modeli: Uagize, Ukatiwe au Uchonge?

Bawa la ndege ya modeli la mita moja na ushei hula mbavu kama 24, na zote lazima zilingane. Kama upana wa bawa lako ni mmoja tangu kwenye kiwiliwili hadi nchani, usinunue seti iliyokatwa tayari. Chonga mwenyewe.

Seti ya mtandaoni huonekana rahisi mpaka nauli ije. Balsa haina uzito, lakini kampuni za vifurushi vya haraka hutoza pia kwa ukubwa wa boksi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Boksi la sm 95 kwa 12 kwa 10 linahesabiwa kilo 2.28, hata kama balsa iliyomo haifiki gramu 600. Unasafirisha hewa. Halafu VAT, asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, hupigwa juu ya bei, nauli na ushuru kwa pamoja. Wakala wa forodha naye ana ada yake.

Balsa ghafi pengine utaiagiza tu, maana madukani ni adimu. Basi mwambie muuzaji azikate shiti katikati. Shiti 20 za mm 2 zikikatwa nusu zinaingia kwenye boksi la sm 48 kwa 12 kwa 10, na uzito wa kulipia unashuka hadi kilo 1.15. Hupotezi kitu: shiti ya mm 100 kwa 915 hutoa mbavu 12 za sm 20, nzima au nusu.

Kuchonga kwenyewe kunataka vigezo viwili vyenye umbo la ubavu, vya plaiwudi ya mm 3. Shiti nzima ya nini? Omba kipande kwa seremala. Panga balsa katikati ya vigezo, nyuzi zikielekea mbele na nyuma (zikikaa kinyume, ubavu utakukatikia mkononi), kaza kwa bolti mbili ndefu, punguza kwa kisu, malizia kwa msasa hadi ufike kwenye plaiwudi.

Msasa wa kitambaa unadumu, lakini kwa balsa ni kutupa pesa. Mbao hii ni laini, hailambi chenga. Chukua wa karatasi, namba 120 ya kupunguza na 240 ya kumalizia. Namba 80 inanyofoa. Ule mweusi wa maji wa mafundi rangi za magari huziba kwa vumbi upesi ukitumika mkavu. Ukiziba msasa wowote, upige kwa mswaki wa zamani kabla ya kununua mwingine.

Panapostahili umakini ni kibao cha kushikia msasa. Vile vya sponji ni bei ndogo na hasara kubwa: sponji inazama kwenye balsa na kuipita plaiwudi, mbavu za katikati zinatoka nyembamba. Vibao vya alumini vya dukani ni vizuri, ila fundi wa madirisha ya alumini ana vipande vya kutupa vilivyonyooka vilevile. Kilaze juu ya kioo, kikicheza, kiache. Bandika msasa kwa tepu ya pande mbili. Mashine ya umeme ya kupigia msasa isikutie tamaa, itakula milimita mbili hujageuka. Barakoa ya vumbi nunua.

Bawa linalopungua kuelekea nchani ni habari nyingine. Kila ubavu una kipimo chake, na ukizibana pamoja kingo zinatoka mshazari. Hapo mlipe mwenye leza ya kukatia mabango. Uliza kwanza kama bei ina mchoro ndani yake na kama kuna kiwango cha chini cha malipo, kwa sababu mara nyingi mchoro hutozwa kando. Peleka balsa yako, na usikubali akate zote kabla hujaona ubavu mmoja wa majaribio.