Bromelia zinapendeza uani, lakini chunga maji yaliyo ndani yake

KWA mama mmoja mkazi wa Mbezi, jijini Dar es Salaam, mapenzi ya maua yalianza na chungu kimoja. Alikinunua kwenye kitalu kando ya barabara akitoka kazini, kwa sababu majani ya katikati yalikuwa mekundu kama yaliyopakwa rangi. Miaka mitatu baadaye ana vyungu 14, vimepangwa kuanzia barazani hadi chini ya mwembe. Vipo vya majani ya zambarau, vya mistari myeupe na vinavyotoa ua la waridi katikati.

Msimu wa mvua uliopita, mtoto wake wa miaka 9 alipata homa kali, akalalamika kuumwa kichwa na maumivu nyuma ya macho. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Siku ya tatu alitokwa na vipele, akapimwa tena na kukutwa na dengue.

Alipona. Lakini siku aliyorudi kucheza uani, mdogo wake wa miaka 5 alimwita mama akaone wadudu wanaocheza ndani ya ua.

Walikuwa viluwiluwi wa mbu. Mama huyo akabaki na swali linalowahusu wazazi wengi wanaopenda maua haya: je, ayang'oe yote?

Ndugu wa nanasi

Bromelia ni jamaa moja na nanasi, na ukiangalia mpangilio wa majani utaona undugu huo mara moja. Zipo aina zaidi ya 3,000, na karibu zote asili yake ni bara la Amerika. Nyingi huko msituni huishi juu ya matawi ya miti bila kuunyonya mti.

Kwa kuwa mizizi yake haifiki ardhini, aina nyingi zimejitengenezea tangi. Majani hukumbatiana chini na kuwa kikombe kinachokinga maji ya mvua, kisha mmea huyanywa kupitia majani yenyewe. Aina zinazopendwa sana kwenye bustani za nyumbani, kama Neoregelia, Guzmania, Vriesea na Aechmea, zina kikombe cha namna hiyo.

Kikombe hicho ndicho kinachomvutia mbu.

Mbu wa mchana

Dengue, ambayo pia huitwa kidingapopo, huenezwa hasa na mbu aina ya Aedes, mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huyu si mbu wa malaria. Huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla giza halijaingia, saa ambazo watoto wako uani na chandarua kimekunjwa.

Hapendi madimbwi machafu. Anapenda maji kidogo yaliyotulia karibu na watu: ndoo, pipa, tairi kuukuu, kifuu cha nazi, kisahani cha chini ya chungu. Hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa na bado yakaanguliwa maji yakirudi. Katika joto kama la Dar es Salaam, yai lililoanguliwa huweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku 7 hadi 10.

Dar es Salaam inaujua ugonjwa huu. Ulilipuka mwaka 2014, na mwaka 2019 ukaugua maelfu ya watu nchini, wengi wao wakiwa wakazi wa jiji hilo.

Je, bromelia ndizo za kulaumiwa? Majibu yanatofautiana kulingana na mahali. Mwaka 2016, virusi vya Zika vilipoenea Miami nchini Marekani, bromelia zilikutwa na viluwiluwi wengi wa Aedes, na katika eneo la Miami Beach nyingi ziling'olewa. Lakini Rio de Janeiro, Brazil, watafiti waliochunguza maji ya bromelia walikuta viluwiluwi wa mbu huyo wakiwa wachache mno, na waliona hatari kubwa zaidi ni vyombo vya maji vya majumbani.

Kwa hiyo, katika nyumba ya Mbezi hakuna anayeweza kusema kwa hakika mbu aliyemuuma mtoto alitoka wapi. Kulikuwa na bromelia, lakini kulikuwa pia na tairi nyuma ya choo cha jirani na pipa lisilo na mfuniko. Kung'oa maua na kuliacha pipa wazi hakumlindi mtoto.

Ratiba ya siku mbili

Habari njema ni kwamba mbu anahitaji wiki nzima, na mzazi anahitaji dakika chache tu. Chagua siku mbili kwa wiki, mfano Jumatano na Jumapili, uzifanye za kusafisha vikombe.

Inamisha chungu na umwage maji yote kwenye udongo mkavu, si kwenye mtaro wala ndoo. Kisha puliza maji kwa nguvu ndani ya kikombe kwa mpira, ili viluwiluwi waliobaki watoke. Kama mmea uko ardhini na hauinamishiki, mpira pekee unatosha, ilimradi maji ya zamani yafurike na kumwagika nje.

Usimwage mafuta ya taa wala mafuta ya kupikia ndani ya kikombe. Mafuta huziba majani na kuua mmea. Kwa mwenye mimea mingi, zipo dawa zinazotokana na bakteria wanaoua viluwiluwi bila kudhuru mmea. Kiwanda cha viuadudu cha Kibaha, mkoani Pwani, huzalisha dawa za aina hiyo. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Mlipuko ukitangazwa, unaweza kuacha vikombe vitupu kwa muda na kumwagilia udongo pekee. Mmea utapunguza kasi ya kukua, lakini hautakufa kwa wiki chache hizo.

Kuzitunza zing'ae

Bromelia hazina gharama kubwa. Hazitaki udongo mzito. Changanya makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, vipande vya mkaa na mchanga mkubwa, katika chungu chenye matundu chini. Ziweke penye mwanga wa kutosha lakini si jua la saa sita. Kivuli chepesi cha mti kinafaa. Zikikosa mwanga, rangi hufifia na majani huwa ya kijani tu.

Mmea mmoja hutoa maua mara moja katika maisha yake, kisha mama huanza kufa taratibu. Usiutupe. Ubavuni huchipua watoto, na wakifikia theluthi au nusu ya kimo cha mama, wakate kwa kisu safi uwapande. Hivyo ndivyo chungu kimoja kinavyozaa 14.

Mwenye watoto wadogo achague kwa makini. Aechmea nyingi zina miiba ukingoni mwa majani kama nanasi, na jani likiwa usawa wa jicho la mtoto ni hatari. Guzmania na Vriesea majani yake ni laini. Anayetaka kukwepa habari ya maji kabisa anaweza kutafuta Cryptanthus, inayolala chini kama nyota na haina kikombe kirefu.

Mtoto akipata homa

Homa ya ghafla yenye maumivu ya kichwa, macho, viungo au vipele ipelekwe kituo cha afya, hata kama kipimo cha malaria hakijaonyesha kitu. Dengue haina dawa maalumu ya kuua virusi. Mtoto hupewa vinywaji kwa wingi na parasetamo kwa kipimo cha umri na uzito wake. Usimpe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwa kuwa huongeza hatari ya kutokwa damu.

Wazazi wengi hupumua homa inaposhuka, lakini siku moja au mbili baada ya hapo ndizo za kuangaliwa zaidi. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi au puani, kulegea au kukosa utulivu ni dalili za hatari. Mrudishe hospitali mara moja, usisubiri asubuhi.

Mama wa Mbezi hakung'oa maua yake. Alizungumza na jirani, tairi likaondolewa na pipa likapata mfuniko. Kila Jumatano na Jumapili jioni huvaa mikono mirefu na kushika mpira, huku mtoto wa miaka 5 akihesabu vyungu kwa sauti. Hesabu isipofika 14, hawaingii ndani.