Je, Wajua? Kilichoandikwa na Daktari Kukuhusu

Je, wajua kwamba wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki walikuwa wakitunza kumbukumbu zao za matibabu wenyewe, tena nyumbani? Mjamzito wa Tanzania hurudi kwake na kadi ya kliniki: uzito, presha, wingi wa damu, mlalo wa mtoto, tarehe ya kurudi. Kenya kuna kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Katika zahanati nyingi mgonjwa hununua daftari la shule, daktari anaandika humo, kisha daftari linarudi kwenye mkoba. Pembe zimekunjamana na jalada limetoka, lakini liko kwa mwenyewe.

Kompyuta zilipoingia, foleni za masjala zilipungua na mafaili hayapotei ovyo kama zamani. Hilo ni jambo jema. Ila mahali pengi daftari nalo liliondoka. Maelezo yamebaki kwenye skrini inayomtazama daktari, na mgonjwa anatoka na bahasha ya vidonge iliyoandikwa 1x3. Nasema wazi kwamba hapo mgonjwa amepokonywa kitu alichokuwa nacho, na anastahili kurudishiwa.

Je, wajua kwamba hoja ya kumpa mgonjwa faili lake zima ina zaidi ya miaka 50? Mwaka 1973, Wamarekani Budd Shenkin na David Warner waliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba kila mgonjwa apewe nakala kamili, bila hata kuomba.

Je, wajua kilichotokea hoja hiyo ilipojaribiwa? Mwaka 2010, madaktari 105 wa Boston, Pennsylvania na Seattle walikubali wagonjwa wao wasome mtandaoni kila walichoandika baada ya kuwaona. Mradi uliitwa OpenNotes. Wengi walihofu kwamba wagonjwa wangeingiwa na kiwewe na simu zisingekoma kuita. Mwaka ulipoisha, hakuna daktari hata mmoja aliyejitoa, na asilimia 99 ya wagonjwa waliohojiwa walitaka utaratibu uendelee. Wengi waliokuwa kwenye dozi walisema sasa wanazifuata vizuri zaidi.

Je, wajua kwamba mgonjwa ni msahihishaji mzuri? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 uliwauliza wagonjwa zaidi ya 22,000 waliokuwa wamesoma maelezo yao. Mmoja kati ya watano alisema ameona kosa, na kati ya hao, wanne katika kila kumi waliliona kuwa kosa kubwa. Dawa aliyokwisha kuacha bado imeandikwa. Ugonjwa ambao hajawahi kuugua umo. Mguu wa kulia umeandikwa wa kushoto. Daktari anayeona watu sitini kwa siku hawezi kuyanasa yote. Mwenye mguu hulikamata mara moja.

Je, wajua habari ya Hyde? Huu ni mji mdogo karibu na Manchester, Uingereza. Daktari wake, Harold Shipman, alitiwa hatiani Januari 2000 kwa kuwaua wagonjwa 15, na tume ya uchunguzi baadaye ikathibitisha kwamba waliokufa mikononi mwake ni angalau 215. Alikuwa akibadilisha kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta ili vifo vionekane vya kawaida, asijue kwamba mashine inahifadhi siku na saa ya kila badiliko. Ushahidi huo ulisaidia kumtia hatiani.

Kliniki ya Shipman ikapata daktari mwingine, Amir Hannan. Fikiria kazi iliyomkabili: kukaa katika nafasi ya mtu yule, mbele ya watu waliozika mama zao. Miongoni mwa hatua alizochukua ni kuwafungulia wagonjwa mafaili yao mtandaoni, wasome kila neno wakiwa kwao. Katika yote niliyosoma kuhusu jambo hili, sijaona hoja yenye uzito kuliko hiyo. Imani iliyovunjwa kwa maandishi ya siri ilianza kujengwa upya kwa maandishi ya wazi.

Je, wajua kwamba Estonia, yenye mfumo wa taifa zima tangu 2008, mgonjwa huona pia ni nani amefungua faili lake? Daktari, nesi, yeyote yule: jina linabaki. Mfanyakazi aliyechungulia faili la jirani bila sababu ya kazi anaweza kuadhibiwa. Mifumo yetu ingeanzia hapo.

Uppsala, Sweden, mafaili yalifunguliwa mwaka 2012 huku madaktari wengi wakipinga. Kufikia 2018 mikoa yote ya nchi ilikuwa imefuata. Oman, ambako Kiswahili bado kinasikika majumbani, Wizara ya Afya ina programu ya simu iitwayo Shifa inayoonyesha majibu ya vipimo na miadi.

Je, wajua kwamba tangu Aprili 5, 2021 sheria ya Marekani inakataza hospitali kumzuilia mgonjwa kumbukumbu zake za kielektroniki bila sababu inayotambuliwa kisheria? Matokeo yake, majibu ya kipimo cha saratani huweza kufika kwenye simu kabla daktari hajayatazama. Ni ukatili? Watu zaidi ya 8,000 waliulizwa, na utafiti ukachapishwa mwaka 2023: asilimia 96 walitaka majibu yao papo hapo. Nawaamini. Hata hivyo, hospitali inayotuma majibu Ijumaa jioni iwe na mtu wa kupokea simu Ijumaa hiyohiyo.

Je, wajua hatari yake? Finland, mwaka 2020, ilibainika kwamba wadukuzi wameiba maelezo ya wateja wapatao 33,000 wa kampuni ya tiba ya kisaikolojia iitwayo Vastaamo. Mhalifu aliwaandikia wagonjwa mmoja mmoja: lipa, ama siri ulizomwambia mtaalamu wako zitaanikwa. Aliyefanya hivyo alihukumiwa kifungo mwaka 2024.

Kwetu hatari iko karibu zaidi: simu moja inatumiwa na nyumba nzima, na namba ya siri inajulikana na mume, shemeji na watoto. Mwanamke anayetumia uzazi wa mpango, au kijana aliye kwenye dawa za VVU, anaweza kuumizwa na ujumbe mmoja tu. Kwa hiyo mgonjwa aulizwe kwanza anataka taarifa zimfikie kwa njia gani, na akisema karatasi, apewe karatasi.

Je, wajua kwamba hatuanzi na mikono mitupu? Kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia kumbukumbu za kompyuta mwaka 2001, miongoni mwa vya kwanza kusini mwa Sahara. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa, mwaka 2004, OpenMRS, programu ya bure ambayo sasa inatumika katika nchi zaidi ya 40. Mfumo wa KenyaEMR umejengwa juu yake. Kenya pia ina programu ya simu iitwayo Nishauri, ambapo mtu aliye kwenye dawa za VVU huona miadi yake na kiwango cha virusi mwilini.

Na sheria je? Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako na kuzisahihisha. Ukiomba kuziona, Kanuni za 2021 zinampa anayezihifadhi siku 7 kukujibu, bila malipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, nayo inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ukiruhusiwa kutoka wodini, omba muhtasari wa matibabu, majibu ya maabara na majina kamili ya dawa. Omba kwa maandishi, na ubaki na nakala. Ukikataliwa, mlango wa kugonga Kenya ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Tanzania ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.