Masimulizi ya Sauti katika Ufundishaji wa Elimujamii: Kwa Nini Tusiyasahihishe

Makala haya yanahusu jinsi masimulizi yaliyonaswa kwa sauti yanavyoweza kumsaidia mwanafunzi kuzielewa dhana za elimujamii ambazo, katika vyuo vyetu vikuu, huzipokea kwa imla na kwa Kifaransa. Mwanafunzi hukariri kwamba kwa Durkheim (1895) jambo la kijamii hutoka nje ya mtu na kumshurutisha. Kwenye mtihani hujibu vema. Lakini jioni, akimsikiliza babu yake akisimulia habari za kazi, hatambui kwamba ndiyo mada ileile.

Tuchukue dhana ya mwajiri anayejifanya baba wa wafanyakazi wake. Lubumbashi haikosi ushahidi. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwatuliza wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao: nyumba, posho, zahanati, shule. Mrithi wake, Gécamines, aliendeleza mengi ya hayo, hata mwaka 2003 ambapo wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Tangu mwaka 2000, mradi wa Mémoires de Lubumbashi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi umeshughulikia kumbukumbu za wakaaji wa mji huu, zikiwemo zile za kambi.

Mstaafu akisimulia kwa Kiswahili cha hapa, huweza kusema: «balitupa posho, balitupa nyumba». Mwalimu mwenye kupenda usanifu atamwandikia: «tulipewa posho, tulipewa nyumba». Kisarufi hana kosa, maana katika Kiswahili chetu kiambishi ba- mara nyingi hufanya kazi ya kauli ya kutendwa. Ila kwa kusahihisha hivyo amewafuta watendaji, na pamoja nao swali ambalo darasa lilipaswa kuliuliza: hao ba- ni akina nani? Ni Wazungu wa kampuni? Ni mkuu wa kambi? Ni kampuni yenyewe, isiyo na uso? Na pale msimulizi anapofika mwaka 2003, je, ni ba- walewale? Si kila ba- ni ushahidi wa elimujamii, na mwanafunzi aonywe asijenge nadharia juu ya kiambishi kimoja. Lakini akifuatilia nani anatenda na nani anatendewa tangu mwanzo wa simulizi hadi mwisho, ataisikia dhana ikifanya kazi kabla hajaambiwa jina lake.

Vivyo hivyo kuhusu Kifaransa. Msimulizi akitaja mwaka, mshahara au namba yake ya kazi, mara nyingi huhamia Kifaransa, kisha hurejea Kiswahili anapofika kwenye unga na watoto. Kuvitafsiri hivyo vyote kwa Kiswahili kimoja safi ni kuficha lugha ya daftari la mwajiri.

Kuna pia lile ambalo maandishi hayalibebi: kimya. Msimulizi aulizwapo familia ilikula nini miezi ile mshahara ulipokosekana, huenda akanyamaza, akakohoa, akacheka kidogo. Katika nakala iliyoandikwa tutakuta nukta tatu tu.

Kwa utaratibu, twapendekeza kipande cha dakika tatu au nne, kisikilizwe mara mbili bila maandishi. Ndipo igawiwe nakala isiyosahihishwa, na mwishoni kabisa itajwe dhana kwa Kifaransa chake. Dakika kumi huchosha. Simu na spika ndogo ya betri vyatosha, kwani umeme hautusubiri; katika ukumbi wa wanafunzi mia kadhaa, afadhali kuwagawa makundi kuliko kuwachezea wa nyuma mvumo usioeleweka.

Limebaki jambo zito zaidi, nalo ni idhini. Katika maandishi, tukifuta jina tunadhani tumemficha mtu. Sauti haifichiki hivyo: miongoni mwa wanafunzi kutoka kambi moja, hapakosi atakayesema kwamba yule ni mzee wa jirani. Kwa hiyo idhini ya kunasa haitoshi. Msimulizi aulizwe mahsusi kama sauti yake yaweza kusikika darasani, na awe na haki ya kutaja sehemu asizotaka zichezwe. Akiwa amekwisha kufariki, waulizwe watoto wake, nao wapewe nakala kabla ya darasa.