Bando la bei ndogo si lazima liwe nafuu

Bonyeza *149*01# kwenye laini ya Vodacom, *149*99# ya Airtel, *147*00# ya Yas, *148*66# ya Halotel au *148*30# ya TTCL, na kioo cha simu kitajaa orodha: siku, wiki, mwezi, usiku, mitandao yote, intaneti pekee. Chini kabisa kuna namba ya kwenda ukurasa unaofuata, na ukikawia kuchagua menyu inajifunga, unaanza upya. Wengi hawafiki ukurasa wa pili. Hubonyeza namba ile ile waliyoizoea tangu mwaka jana, salio linakatwa, siku inaendelea.

Mazoea hayo yana gharama.

Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Kufikia mwisho wa 2024, laini za simu zilizosajiliwa nchini zilikuwa zimepita milioni 80. Sehemu kubwa kabisa ya laini hizo ni za kulipia kabla ya kutumia. Kwa hiyo mkataba wa simu kwa Mtanzania hausainiwi ofisini mara moja kila baada ya miaka miwili. Unaingiwa upya kila asubuhi, kwa Sh500 au Sh1,000, mara nyingi mtu akiwa amesimama kituoni. Kosa la Sh300 halimshtui mtu kwa siku moja. Likijirudia mwaka mzima linafika Sh109,500, fedha inayotosha kumnunulia mtoto sare, viatu na madaftari.

Ijumaa Kuu ya 2021

Jinsi suala hili linavyogusa watu ilionekana Aprili 2, 2021. Siku hiyo, iliyoangukia Ijumaa Kuu, kanuni mpya za vifurushi zilianza kutumika na wateja wakakuta fedha waliyoizoea inanunua MB chache mno kuliko jana yake. Malalamiko yalifurika mitandaoni. Serikali, kupitia wizara iliyokuwa chini ya Dk Faustine Ndugulile, iliagiza mabadiliko ya bei yasitishwe na vifurushi virudi kama vilivyokuwa Machi 31.

Kelele za bei zilifunika jambo jingine lililokuwa ndani ya kanuni hizo za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA): haki za mteja. Kampuni zilitakiwa kumjulisha mteja kifurushi kinapotumika kwa asilimia 75 na kinapokwisha, kumwezesha kuhamishia wengine sehemu ya kifurushi chake, na kumwachia kiasi kilichobaki pale anapojiunga tena na kifurushi kile kile kabla muda haujaisha. Hadi leo wapo wanaosubiri bando liishe kabisa ndipo wajiunge, hata kama MB nyingi zinaelekea kufa usiku huo.

Mwaka 2022, Serikali ilipotakiwa tena kueleza mwenendo wa bei, ilitaja kiwango kinachosimamiwa na TCRA: MB moja iuzwe kati ya Sh2.03 na Sh9.35. Ukizidisha kwa MB 1,024, GB moja inaweza kuuzwa kwa takriban Sh2,079 au kwa Sh9,574, na bei zote mbili zikawa ndani ya kiwango. Tofauti hiyo inazidi mara nne, na anayeamua aangukie upande gani ni mteja mwenyewe anapobonyeza namba kwenye menyu.

Gawanya kwa ulichotumia

Njia ya kawaida ya kulinganisha ni kugawanya bei kwa MB zilizoandikwa. Ni mwanzo mzuri, ila inadanganya.

Tuseme fundi cherehani anatumia MB 120 kwa siku: WhatsApp na wateja, picha za mishono, taarifa kidogo jioni. Mbele yake kuna vifurushi vitatu vya mfano. Cha kwanza ni Sh1,000 kwa saa 24, MB 300. Cha pili ni Sh5,000 kwa siku saba, GB 2. Cha tatu ni Sh3,000, MB 900, kisicho na ukomo wa muda. Kwa hesabu ya kawaida, cha wiki ndicho nafuu: MB moja inakuja Sh2.44, wakati viwili vingine vinatoa MB moja kwa Sh3.33.

Lakini kwa wiki nzima fundi huyu anatumia MB 840 tu. Akichukua cha wiki, MB zaidi ya 1,200 zinakufa bila kuguswa, na kila MB aliyoitumia kweli imemgharimu karibu Sh6. Akinunua cha siku kila asubuhi, analipa Sh7,000 na kila MB inafika Sh8.33. Kile kisicho na ukomo kinamfikisha siku saba na nusu kwa Sh3,000. Anaokoa Sh2,000 kwa wiki, zaidi ya Sh100,000 kwa mwaka, kwa kuchagua kifurushi ambacho menyu inakionyesha kuwa ghali.

Geuza mfano. Binti yake fundi anasoma chuo, anapakua mihadhara na kutazama video kila usiku, na GB 2 anazimaliza kabla ya Jumamosi. Kwake kile cha wiki kinashinda bila ubishi. Vifurushi ni vile vile, ni nyumba moja, na majibu ni mawili.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kufungua mipangilio ya simu, si menyu ya kampuni. Simu za Android zina ukurasa wa matumizi ya data unaoonyesha jumla ya mwezi na kila programu imekula kiasi gani. Gawanya jumla hiyo kwa siku 30. Kwa dakika, angalia orodha ya simu ulizopiga kwa wiki moja na ujumlishe. Kazi hiyo inachukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Laini tatu mfukoni

Kuna tabia iliyozaliwa na sababu nzuri ikabaki baada ya sababu kuondoka. Zamani kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali, hivyo mtu alibeba laini ya kila kampuni. Kilichopandisha bei ni ada ambayo mtandao mmoja huulipa mwingine kwa kuupokelea simu. Mwanzoni mwa 2013 TCRA iliishusha kutoka Sh112 kwa dakika hadi Sh34.92. Mwaka 2018 ilikuwa Sh15.60, na 2022 ikafika Sh2.

Ndiyo sababu vifurushi vya mitandao yote vimeenea. Anayejiunga na vifurushi vidogo kwenye laini tatu, kila kimoja kikiwa na muda wake, mara nyingi hupoteza masalio ya vyote vitatu. Laini ya pili ina maana pale ambapo mtandao wa kwanza haushiki vizuri nyumbani au kazini, kwa kuwa bando nafuu lisilofungua ukurasa ni hasara tupu. Kabla ya kuhama, muulize jirani anayetumia mtandao huo kasi yake ikoje saa mbili usiku, wakati kila mtu yupo mtandaoni.

MB zinapopotelea

Wapo wanaosema wanaibiwa bando. Malalamiko mengine ni ya haki na yanastahili kufuatiliwa. Mengine jibu lake liko ndani ya simu yenyewe. Saa moja ya YouTube kwa ubora wa 480p hula takriban MB 500, na kwa 720p hupita GB moja. WhatsApp ikiachwa bila kurekebishwa hupakua picha za makundi yote, ikiwamo ya harusi iliyopita miezi sita. Duka la programu nalo husasisha programu bila kuuliza.

Dawa yake ni ya dakika chache. Zima upakuaji wa kiotomatiki kwenye WhatsApp, ruhusu masasisho kwa Wi-Fi pekee, shusha ubora wa video, na washa kiokoa data. Kwa nyumba yenye simu nne au tano, piga pia hesabu ya intaneti ya pamoja: jumlisha bando za kila mmoja kwa mwezi, kisha linganisha na bei ya faiba au ruta inayopatikana mtaani kwenu.

Mwisho ni kukopa salio. Huduma hiyo huokoa usiku wa dharura, lakini ina makato, na anayekopa kila jioni analipa zaidi kwa kifurushi kile kile. Afadhali kununua moja kwa moja kutoka akaunti ya fedha ya simu, bila kuacha salio kubwa la kawaida litakaloliwa bando likikata.

Kuhama na kudai

Tangu Machi 1, 2017 mteja anaweza kuhamia kampuni nyingine na namba yake. Anakwenda kwa wakala wa mtandao anaoutaka, anathibitishwa, kisha anatuma neno HAMA kwenda 15080. Anayekaa na bando baya kwa kuogopa kupoteza namba ambayo wateja wake wanaijua anajinyima haki aliyokwisha kupewa.

Na anayeona amekatwa isivyo halali asiishie kulalamika kijiweni. Ahifadhi ujumbe wa kujiunga na ule wa kuisha kwa kifurushi, aandike saa na salio lililokuwapo, apige huduma kwa wateja na aombe namba ya malalamiko yake. Asiporidhika apeleke shauri TCRA, au apate msaada kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Huduma zao zinamhusu hata mwenye lalamiko la Sh500.